Imekufa Si Neno la Msomi

Liko neno moja lililoenea katika nyumba zetu, na madhara yake ni makubwa kuliko urefu wake. Neno hilo ni "imekufa." Mashine ya kukata nyasi ikikataa kuwaka asubuhi, mwenyewe huvuta kamba mara ishirini, hufuta jasho, hutazama kulia na kushoto kama atafutaye shahidi, kisha hutoa hukumu: imekufa. Jenereta ndogo ikinyamaza katikati ya kazi, hukumu ni ile ile. Chombo husukumwa nyuma ya ghala, kuku hupata mahali pa kutagia, na baada ya miaka michache huuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nataka kushindana na neno hilo, ewe kijana usomaye, kwa sababu wewe ndiwe uliyepewa silaha za kulishinda. Na kwa aibu yetu sote, wewe ndiwe ulitamkaye kwanza mara nyingi.

Madai yangu ni mafupi. Mtu aliyesoma fizikia na kemia hata kufika kidato cha tatu, akaihukumu injini ndogo kuwa imekufa bila kuifungua, hakusoma fizikia wala kemia. Alisoma maneno yake tu. Wazee walisema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali, na hapana mahali ambapo nta hiyo tupu huonekana upesi kuliko mbele ya injini iliyozima.

Usidhani kwamba neno hili hudhuru chuma peke yake. Fikiri habari za kijana ambaye shule imemwisha, naye amenunua mashine ya kukata nyasi kwa akiba ya jamaa zake. Kwa mashine hiyo hukata nyasi za viwanja vya watu kwa ujira, hulipa karo ya ndugu yake mdogo, na hununua unga wa nyumbani. Siku mashine ikwamapo, si chuma kilichokwama. Ni karo na unga. Akiambiwa "imekufa" naye akasadiki, atarudi katika kuomba vibarua. Akijua namna ya kuuliza injini yake maswali, huenda jioni ile ile akarudi kazini. Baina ya mambo hayo mawili hakuna bahati wala uchawi. Yako maarifa ambayo yamo katika vitabu vyako.

Injini zilizo nyingi katika mashine hizo ndogo ni injini za mipigo miwili. Maana yake ni kwamba pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, kazi yote imekwisha: hewa na petroli vimeingia, vimegandamizwa, vimeungua, na moshi umetoka. Injini ya gari huhitaji mipigo minne kwa kazi hiyo, na Mjerumani Nikolaus Otto ndiye aliyeifanikisha mwaka 1876. Mskoti Dugald Clerk alipata hataza ya injini ya mipigo miwili mwaka 1881. Na yapata miaka kumi baadaye Joseph Day, wa mji wa Bath katika Uingereza, aliifanya nyepesi zaidi kwa kukitumia chumba kilicho chini ya pistoni kuwa pampu ya kusukuma hewa na petroli. Lakini nakuomba ukumbuke jina la mtu mwingine. Alikuwa Frederick Cock, mfanyakazi katika karakana ya Day. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba pistoni yenyewe, ipandapo na kushuka, yaweza kuufungua na kuufunga hata mlango wa kuingizia hewa. Hivyo injini ikawa haina vali hata moja. Nyingi za injini ndogo za namna hii zinazounguruma leo bado zinafuata mpango huo wa mtu aliyefikiri kwa mikono yake.

Injini hiyo ina vyombo vichache vinavyokwenda: pistoni na ringi zake, mkono wa kuishika pistoni, na krenki inayozunguka juu ya beringi. Hakuna kisima cha oili chini yake, kwa kuwa chumba cha chini ni njia ya petroli. Kwa sababu hiyo oili huchanganywa na petroli yenyewe. Asiyejua jambo hili moja, na wako wengi, hutia petroli tupu kama atiavyo katika pikipiki ya mipigo minne, na kabla ya tangi kuisha huwa ameiua mashine kwa mkono wake.

Sasa tuseme mashine haiwaki. Msomi afanye nini? Asivute kamba kama mtu ateka maji kisimani, bali aulize maswali matatu, na ayaulize kwa taratibu.

Swali la kwanza: je, cheche ipo? Fungua plagi, iunge tena na waya wake, igusishe na chuma cha injini mbali na petroli na mbali na tundu la plagi, kisha vuta kamba. Ukiona cheche ya buluu ikiruka, umeme upo. Usipoiona, jaribu plagi nyingine kabla ya kulaumu kitu kingine. Swali la pili: je, petroli inafika? Vuta kamba mara kadhaa choki ikiwa imefungwa, kisha itoe plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Tafuta chujio lililoziba, mpira uliopasuka, au kabureta ambayo vijitundu vyake vimezibwa na utando ulioachwa na petroli iliyolala miezi. Ikiwa imelowa, petroli inafika. Swali la tatu: je, mgandamizo upo? Plagi ikiwa mahali pake, vuta kamba polepole. Injini nzima hukupinga kwa nguvu kila pistoni ipandapo. Injini iliyochakaa huachilia kamba kama mlango usio na komeo.

Maswali haya matatu ni somo la moto mlilosoma mkiwa watoto: moto hutaka joto, hutaka kiwashwacho, na hutaka hewa. Hapa hewa imebanwa ndani ya chumba, na cheche ndiyo joto la kuanzia. Hayo ndiyo niliyoyaita silaha.

Ikiwa cheche ipo na petroli inafika, lakini mgandamizo ni dhaifu au pistoni imekwama kabisa, basi ni kweli kwamba injini imejeruhiwa. Hata hapo usikate tamaa. Zifungue bolti zinazoshika ekzosi, uiondoe, uchungulie katika tundu la moshi kwa tochi huku ukiizungusha injini taratibu. Utaiona pistoni na ringi zake bila kuvunja chochote. Pistoni yenye afya ni laini, na mistari iliyoachwa na kiwanda bado huonekana. Pistoni iliyoumia ina mikwaruzo ya kusimama, kama uso wa paka waliopigana.

Mikwaruzo hiyo ni maandishi, nawe umefundishwa kusoma. Ikiwa imezunguka pistoni pande zote, aghalabu oili haikutiwa kabisa. Ikiwa upande wa tundu la moshi peke yake, ambao ndio wenye joto jingi, basi injini iliungua: oili ilikuwa haba, au hewa ya wizi iliingia kwa ufa na kuipunguza petroli, au mapezi ya silinda yamezibwa na nyasi kavu hata upepo usipite. Ikiwa upande wa kuingizia hewa, mtuhumiwa ni vumbi lililopita katika chujio bovu. Jambo hili ndilo linalomtenga fundi na mbabaishaji. Mbabaishaji hubadilisha pistoni. Fundi hutafuta kwanza ni nini kilichoiua ya zamani, maana pistoni mpya ikitiwa katika injini yenye ufa ule ule itakufa kifo kile kile.

Na kwa nini pistoni hukwama? Jibu limo katika sura ya kwanza ya somo la joto. Gesi zinazoungua ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na alumini, ambayo ndiyo maada ya pistoni, huyeyuka kwa nyuzi 660 tu. Pistoni huishi kwa sababu joto halikai juu yake. Hukimbilia kwenye silinda na mapezi yake, na oili husaidia kulipitisha na kuzuia msuguano. Oili ikikosekana, pistoni hutanuka kuliko silinda, nafasi nyembamba iliyo baina yao huisha, na alumini hupakwa juu ya ukuta wa silinda kama siagi juu ya mkate. Mashine inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huwasha moto mara 100 kila sekunde. Piga hesabu mwenyewe uone ni sekunde chache kiasi gani zinazotosha kuharibu kazi ya kiwanda.

Matengenezo yenyewe hayahitaji karakana kubwa. Yataka meza safi, spana chache, bisibisi, karatasi ya kuandikia, na mikebe ya kutenganishia bolti. Ikiwa pistoni imekwama, tia mafuta mepesi katika tundu la plagi uyaache usiku kucha. Usigonge kwa nyundo. Fungua bolti za silinda, uivute juu taratibu, na uzibe mdomo wa chumba cha chini kwa kitambaa safi ili kitu kisitumbukie. Tazama ukuta wa silinda. Ikiwa ni alumini tu iliyojipaka, yaweza kuondolewa kwa msasa laini na subira. Wengine hutumia asidi, na mwalimu wa kemia atakueleza ni ipi na kwa nini. Lakini hilo lifanyike chini ya jicho lake, si jikoni kwa mama. Ikiwa ukucha wako unakwama katika mtaro uliochimbika, silinda imekwisha.

Pistoni mpya hutiwa mshale wa juu yake ukielekea tundu la moshi. Ncha za ringi ziangalie kijipini kilichomo katika mfereji wake, ama sivyo zitanasa katika matundu ya silinda na kuvunjika. Klipu za pini ya pistoni ziwe mpya, maana klipu iliyolegea ni kisu kilichoachwa ndani ya nyumba. Tia oili kidogo kabla ya kufunga, badili gasketi, kaza bolti kwa zamu na kwa kulingana. Kisha changanya mafuta kwa hesabu: kitabu cha mashine kikisema moja kwa hamsini, lita 5 za petroli hutaka mililita 100 za oili ya mipigo miwili, kikisema moja kwa ishirini na tano, hutaka mililita 200. Hii ni hesabu ya uwiano, na ndiyo iliyoamua uhai na kifo cha mashine ile tangu mwanzo. Tangi la kwanza uliendeshe kwa upole.

Najua ya kuwa nitapingwa, na haifai mtu apigane na kivuli akawaacha wapinzani wenyewe. Wako wasemao kwamba mashine mpya ni rahisi, kwa hiyo kutengeneza ni kupoteza wakati. Nawauliza: rahisi kwa nani? Pistoni na ringi zake hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mashine nzima. Tena anayenunua mpya bila kujua kilichoua ya kwanza amenunua msiba wa pili.

Wako wasemao kwamba kazi hiyo ni ya fundi wa jua kali, nasi tutamnyang'anya riziki. Hoja hii ina huruma, lakini imekaa upande. Mafundi wa jua kali ndio walimu wa nchi hii katika elimu ya mikono. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 juu ya Kenya iliwafunza wataalamu wa ulimwengu kwamba watu wale hawakuwa wavivu wala wazururaji, bali wachumi wenye bidii na ubunifu. Fundi wa kweli hapotezi kitu kwa mteja anayejua. Atakayepoteza ni laghai ambaye hubadilisha kilicho kizima na kukitoza kama kibovu. Nenda kwa fundi ukiwa na swali, si ukiwa na mfuko tu. Ataheshimika zaidi kwa mtu anayeelewa ugumu wa kazi yake kuliko kwa yule anayeamini kwamba kazi ile ni uchawi.

Wako wasemao, na hawa ndio ninaogombana nao hasa, kwamba mtu aliyesoma hachafui mikono. Wanapeleka watoto shuleni ili wasiguse grisi, kana kwamba kalamu na spana ni maadui wa tangu na tangu. Fikira hiyo imetugharimu. Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi kazi za mikono kwa kila mwanafunzi, na lengo lilikuwa jema. Lakini katika shule nyingi vifaa vilikosekana, mtihani ukatawala, na kazi ya mikono ikawa maswali ya kuchagua jibu juu ya karatasi. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019 katika madarasa ya chini, nao umeahidi kwamba mtoto atajua kutenda. Nakuonya kama mwalimu: hakuna mtaala utakaokutia spana mkononi ikiwa moyoni unaiona kuwa ni fedheha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wako tena wasemao kwamba injini za mipigo miwili ni chafu na afadhali zife zote. Hawa nawasikiliza kwa heshima, kwa maana wasemalo lina ukweli. Sehemu ya petroli hutoroka pamoja na moshi kabla ya kuungua, na oili huungua pamoja nayo. Jimbo la California katika Marekani lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia uuzaji wa mashine ndogo mpya zinazotoa moshi, na huenda siku moja mashine za betri zikatawala mashambani kwetu pia. Lakini mashine iliyochakaa hutoa moshi mwingi kuliko nzima, na kutupa chuma kizuri hakumsafishi mtu hewa yake. Tena anayeielewa injini ya jana ndiye atakayeielewa mota ya kesho. Asiyeijua hii atasema "imekufa" hata mbele ya betri.

Mwisho wako wasemao kwamba kazi hiyo ina hatari. Ni kweli, nami sitaki kijana yeyote aumie kwa sababu ya maneno yangu. Petroli isikae karibu na jiko wala sigara. Injini isiwashwe kamwe ndani ya chumba, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo imeua watu waliolala na jenereta ndani ya nyumba. Ondoa waya wa plagi kabla ya kugusa kisu cha kukatia nyasi. Lakini hatari hujibiwa kwa maarifa. Ujinga haujawahi kumlinda mtu.

Wala sisemi kwamba kila injini itapona. Chumba cha chini kikipasuka, beringi za krenki zikisagika, au silinda ya chuma ikihitaji kuchongwa upya kwa kerezo, kazi imepita meza ya nyumbani, na hapo enda kwa mwenye mitambo. Huenda hata yeye akakuambia kwamba gharama imeshinda faida. Basi utakuwa na haki ya kulitamka lile neno, kwa kuwa utakuwa umelichunguza. Na daktari aliyempima mgonjwa husema "amekufa" kwa sauti tofauti na mpita njia aliyemwona amelala.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, likizo ijapo nenda nyuma ya ghala. Wahamishe kuku kwa adabu, itoe mashine iliyohukumiwa bila kesi, uifute vumbi, na uiulize yale maswali matatu. Andika majibu katika daftari lako la fizikia, kwa maana humo ndimo mahali pake. Ikiwaka, mpe mwenyewe mashine yake, umweleze ni nini kilichoiangusha na namna ya kuchanganya oili ili isianguke tena. Isipowaka, utakuwa umejua kwa hakika sababu yake. Vyovyote vile, siku mwalimu wako atakapokuuliza maana ya msuguano, mtanuko na mgandamizo, hutahitaji kufumba macho na kukariri.